Shajara ya mradi: galaksi setilaiti huzimika wapi, na lini?

Swali la mradi huu ni hili: galaksi ndogo inapovutwa na kuingia katika kundi la galaksi na kuwa setilaiti ya kundi hilo, huacha kuunda nyota ikiwa umbali gani kutoka katikati ya kundi hilo, na je, ni kundi hilo lililoizima, ama iliingia ikiwa imekwisha kuzimika? Shajara hii naiandika kila hatua inapokamilika, ili mwanafunzi mwingine wa fizikia au falaki mwenye kompyuta ya kawaida aweze kuifuata kazi hii, airudie na aikosoe. Hatua za kawaida nimezifupisha; palipokwama nimepaeleza kwa urefu, kwa kuwa machapisho ya kisayansi mara nyingi hayana nafasi ya kupaeleza.

10 Februari 2025: Kuchagua data

Darubini hutuonyesha kila galaksi katika hatua moja tu ya maisha yake, na hakuna awezaye kuisubiri miaka bilioni mbili ili aione ikizimika. Kwa hiyo swali la "lini" linahitaji uigaji wa kompyuta, ambamo historia ya kila galaksi imehifadhiwa tangu ulimwengu ulipokuwa mchanga. Nimechagua IllustrisTNG, familia ya uigaji ulioendeshwa kwa programu ya AREPO iliyoanzishwa na Volker Springel, ambao data zake zilianza kufunguliwa kwa umma Desemba 2018. Kati ya masanduku yake matatu makuu, yaani vipande vya ulimwengu vilivyoigwa, TNG50, TNG100 na TNG300, nimechukua TNG100. Upande mmoja wa sanduku hili una takriban megaparseki 110, yaani miaka ya nuru kama milioni 360. TNG50 ina undani zaidi lakini ni ndogo mno kwa mtu anayetafuta makundi makubwa, na TNG300 ina makundi mengi lakini galaksi zake ndogo zimejengwa kwa chembe chache za uigaji.

Jambo lililoamua kama kazi hii itafanyika Nairobi au la ni ukubwa wa faili. Uigaji huu umehifadhi picha 100 za nyakati mbalimbali, na picha moja kamili ya TNG100 inapita terabaiti moja. Sina pa kuiweka wala mtandao wa kuivuta. Hata hivyo, katalogi ya galaksi za leo na halo zake, yaani mawingu ya maada ya giza yanayozibeba, inaweza kupakuliwa safu moja moja. Ina vitu zaidi ya milioni nne, na safu yenye namba moja kwa kila kitu haizidi megabaiti 20. Safu kumi na kitu zinatosha kuanza utafiti wa kweli.

21 Februari 2025: Kupakua, na diski ya nje

Usajili ni wa bure; mtafiti hupewa ufunguo wake na kuutumia ndani ya programu ya Python. Gharama ilikuwa kwingine. Nilinunua diski ya nje ya terabaiti moja Luthuli Avenue kwa shilingi 7,500 baada ya kupatana, na intaneti ya nyumbani, tunayochangia na wenzangu wawili, ni shilingi 3,000 kwa mwezi.

Kuhusu diski, nashauri isilipiwe kabla ya kujaribiwa pale pale dukani. Nilimwomba muuzaji aniruhusu ninakili faili kubwa kutoka kompyuta yangu, kisha niisome tena na kulinganisha alama ya uhakiki ya faili mbili. Diski ya kwanza ilijitambulisha kuwa ya terabaiti moja, lakini faili iliyorudi haikuwa ile iliyokwenda. Muuzaji aliitazama skrini, akasema, "Hii weka kando, dada," akafungua nyingine, na hiyo ikapita.

Tatizo la pili lilikuwa faili zilizokatika katikati mtandao ulipopotea. Faili iliyokatika ina jina sahihi, na kwa jina pekee haitambuliki kuwa ina kasoro. Tangu hapo programu yangu huhesabu mistari ya kila safu na kuilinganisha na jumla iliyotajwa katika kichwa cha katalogi. Isipolingana, faili hufutwa na kupakuliwa upya.

6 Machi 2025: Matungamo yaliyokaa pasipo mahali pake

Kabla ya kugusa swali lenyewe, nilitaka kurudia tokeo linalojulikana: sehemu ya tungamo la halo iliyogeuka kuwa nyota. Kila halo ilipaswa kupata mgawo wake wa maada ya kawaida. Katika TNG mgawo huo ni 0.0486 kwa 0.3089, karibu asilimia 16 ya maada yote. Galaksi hazifaulu kuugeuza mgawo huo wote kuwa nyota. Ufanisi hufikia kilele katika halo zenye tungamo la karibu Jua trilioni moja, kama halo ya galaksi yetu, kisha hushuka pande zote mbili: katika halo ndogo milipuko ya nyota huisukuma gesi nje, na katika halo kubwa kazi hiyo hufanywa na mashimo meusi makubwa yaliyo katikati.

Grafu yangu ilikuwa na umbo sahihi na urefu sahihi, lakini kilele kilisogea kushoto. Umbo sahihi ndilo lililonichelewesha, kwa sababu lilinifanya nitafute kasoro katika fizikia badala ya vipimo. Katalogi huandika tungamo kwa kipimo cha Jua bilioni kumi kugawanywa kwa h, ambapo h, namba inayowakilisha kasi ya kutanuka kwa ulimwengu, ni 0.6774, na programu yangu ilikuwa imezidisha kwa bilioni kumi bila kugawanya kwa h. Tungamo la nyota likigawanywa kwa tungamo la halo, h ya juu na ya chini hufutana, kwa hiyo uwiano hutoka sawa. Kinachokosea ni mahali pa halo kwenye mhimili, na kosa ni hatua 0.17 za logariti katika kila nukta, upande ule ule mmoja.

Hatari zaidi ni kwamba kiwango cha uundaji wa nyota katika katalogi hiyo hiyo hakina h. Kimeandikwa moja kwa moja kwa Jua kwa mwaka. Anayegawanya kiwango hicho kwa tungamo lisilorekebishwa ataziona galaksi zote zikiwa hai kuliko zilivyo. Sasa vipimo vyote hubadilishwa mahali pamoja, faili inaposomwa, na hakuna sehemu nyingine ya programu inayoruhusiwa kuigusa h.

19 Machi 2025: Galaksi zenye sifuri

Hapa ndipo pana mtego mkubwa kuliko yote, na ningependa kila anayeanza apasome kwa makini. Galaksi nimeihesabu kuwa imezimika ikiwa kiwango cha uundaji wa nyota, kikigawanywa kwa tungamo la nyota zake, kiko chini ya 10⁻¹¹ kwa mwaka. Maana yake ni kwamba kwa mwendo huo ingehitaji miaka zaidi ya bilioni 100 kuunda nyota ilizo nazo, ilhali ulimwengu wenyewe una miaka bilioni 13.8.

Kiwango hicho huchorwa kwa logariti, na logariti ya sifuri haipo. Programu ilizibadilisha sifuri kuwa thamani tupu, na mstari mwingine wa programu, ulioandikwa kwa nia njema ya kusafisha data, ukazitupa thamani tupu zote. Grafu iliyobaki ilionyesha setilaiti hai hadi karibu na kitovu cha makundi, tokeo ambalo lingekuwa la kushangaza kama lingekuwa kweli. Msimamizi wangu aliitazama kwa muda mfupi, akauliza, "Na zile zenye sifuri umeziweka wapi?" Hazikuwa popote. Galaksi zilizozimika kabisa, ambazo ndizo mada ya mradi, zilikuwa zimeondolewa kabla ya kuhesabiwa.

Sifuri katika uigaji haimaanishi kwamba hakuna nyota hata moja inayozaliwa. Ina maana kwamba uundaji wake uko chini ya kile ambacho seli moja ya gesi inaweza kuonyesha. Kwa swali la kuzimika jibu ni rahisi: galaksi yenye sifuri imezimika, nayo huhesabiwa hivyo kabla logariti haijachukuliwa. Kwa anayetaka kuchora mtawanyiko wa viwango vyenyewe jambo ni gumu zaidi, kwa kuwa lazima aziweke kwenye thamani ya chini aliyoichagua na kuitangaza waziwazi. Nimeongeza jaribio ambalo hukomesha programu ikiwa idadi ya galaksi zilizoingia si sawa na jumla ya hai na zilizozimika.

2 Aprili 2025: Ukingo wa sanduku, na vibonge visivyo galaksi

Setilaiti kadhaa zilionekana kuwa mbali na makundi yao kwa umbali wa karibu sanduku zima. Sanduku la uigaji halina ukuta: kinachotoka upande mmoja huingia upande wa pili. Umbali ukizidi nusu ya upande katika mhimili wowote, urefu wa sanduku hutolewa, na tatizo linakwisha.

La vibonge lilihitaji kufikiri. Karibu sana na galaksi kubwa za katikati palikuwa na rundo la "setilaiti" ndogo, hai, zilizoonekana kukaidi kila kinachojulikana kuhusu mazingira ya kundi. Nilipotazama tungamo la maada yake ya giza nilikuta karibu hamna kitu. Galaksi iliyozaliwa kwa njia ya kawaida huanza na halo yake yenyewe. Hivi ni vipande vya diski ya galaksi kubwa ambavyo programu ya kutafuta mafungu imevitenga kimakosa. Watengenezaji wa katalogi wameviwekea alama katika safu iitwayo SubhaloFlag. Safu hiyo sikuwa nimeipakua kwa kuwa jina lake halikuonyesha umuhimu wowote. Ipakuliwe ya kwanza.

24 Aprili 2025: Umeme

Mvua za masika zimeanza na umeme unakatika mara kwa mara mtaani, na betri ya kompyuta yangu haifiki mbali. Faili ya HDF5, muundo ninaohifadhia data, ikikatizwa wakati inaandikwa, inaweza kuharibika yote, si sehemu ya mwisho tu. Suluhisho halikugharimu chochote: matokeo huandikwa kwanza kwenye faili ya muda, hufungwa, ndipo hubadilishwa jina. Hesabu ndefu nimezigawa vipande vipande, kila kipande kikiacha rekodi kwamba kimekamilika.

15 Mei 2025: Makosa ya makadirio yaliyokuwa madogo mno

Tokeo la kwanza la kuaminika limepatikana. Sehemu ya setilaiti zilizozimika inapanda jinsi tunavyokaribia kitovu cha kundi, na kupanda huko ni kukali zaidi kwa galaksi ndogo. Galaksi kubwa, zenye tungamo la nyota linalozidi takriban 10¹⁰·⁵ la Jua, nyingi zimezimika popote zilipo, hata zisipokuwa setilaiti za yeyote, kwa sababu katika TNG shimo jeusi linapofikia tungamo la karibu Jua milioni 100 huanza kuvumisha upepo unaoifukuza na kuipasha joto gesi. Mgawanyo huu wa sababu mbili, uzito wa galaksi yenyewe na mazingira yake, unafanana na ule ambao Peng na wenzake waliuonyesha mwaka 2010 kwa galaksi halisi.

Lakini makosa ya makadirio, yaani upana wa shaka katika kila nukta ya grafu, yalikuwa membamba kiasi cha kutia mashaka. Nilikuwa nimezihesabu setilaiti kana kwamba kila mojawapo ni ushahidi unaojitegemea. Hazijitegemei: setilaiti mia mbili za kundi moja zimepitia gesi ile ile ya moto na historia ile ile ya kundi, na kundi hilo likiwa limeungana na jingine hivi karibuni, zote hubeba alama ya tukio hilo. Katika TNG100 makundi yanayozidi tungamo la 10¹⁴ la Jua ni kumi na kitu tu. Idadi hiyo ndiyo inayopima nguvu ya hoja yangu katika makundi makubwa, hata galaksi zenyewe zikiwa maelfu.

Sasa sampuli huchukuliwa upya kwa kuchagua makundi, si galaksi, na kila kundi lililochaguliwa huja na setilaiti zake zote. Makosa ya makadirio yamepanuka sana kwa makundi makubwa na kidogo tu kwa yale madogo, ambayo ni mengi. Tofauti moja niliyokuwa nimeipenda, iliyoonekana kati ya setilaiti za ndani kabisa na zile za katikati ya njia katika makundi makubwa, haiwezi kutetewa tena, nami nimeiondoa kwenye rasimu. Naamini hii ndiyo hatua iliyoubadilisha mradi huu kutoka zoezi hadi utafiti.

12 Juni 2025: Undani wa uigaji na mpaka wa galaksi

Hesabu yote imerudiwa kwa TNG100-2, ambayo ni sanduku lile lile likiwa na chembe nzito mara nane. Galaksi zimetoka na nyota pungufu, jambo ambalo watengenezaji wenyewe walikwisha kulieleza, lakini mwelekeo wa matokeo umebaki. Nimeweka kikomo cha chini cha tungamo la nyota kuwa 10⁹·⁵ la Jua. Hapo galaksi ya TNG100-1, toleo lenye undani zaidi ambalo nimekuwa nikilitumia, ina chembe za nyota zaidi ya elfu mbili, kwa kuwa chembe moja ya maada ya kawaida ina tungamo la karibu Jua milioni 1.4.

Jambo la pili ni mahali ambapo galaksi huishia. Nyota zote zilizofungwa na mvutano wake, ama zile zilizo ndani ya kiloparseki 30, yaani miaka ya nuru karibu laki moja? Kwa setilaiti ndogo hakuna tofauti ya maana. Kwa galaksi kuu ya kundi kubwa tofauti ni kubwa, kwa kuwa nyota nyingi zimetawanyika mbali kama ukungu ambao wapimaji wa anga hawauhesabu wote. Kipimo cha kiloparseki 30 kinahitaji data za chembe, kwa hiyo nimekifanyia kwenye mazingira ya kazi ambayo mradi wa TNG huwapa watafiti waliosajiliwa, ambako hesabu hufanyika kwao na matokeo pekee ndiyo husafiri hadi Nairobi.

18 Julai 2025: Lini?

Sehemu hii imenichukua muda mrefu kuliko zote. Ili kujua galaksi ilizimika lini na iliingia kundini lini, hufuatwa mti wake wa historia, picha baada ya picha kurudi nyuma. Miti yote kwa pamoja ni mikubwa mno, hivyo niliomba tawi kuu la kila galaksi peke yake, ombi moja moja, usiku mtandao ukiwa mwepesi, kukiwa na kituo kifupi kati ya maombi ili kutoilemea seva ya watu.

Wakati wa kuingia nilikuwa nimeufasili kuwa picha ya kwanza ambayo galaksi inaitwa setilaiti. Fasili hiyo haifai. Programu ya kutafuta halo huunganisha chembe zilizo karibu, na halo mbili zinazopitana zinaweza kuunganishwa na daraja jembamba la chembe kwa picha moja kisha zikaachana. Galaksi nyingi zilionekana "kuingia" mapema sana, zikatoka, zikaingia tena. Kwa hiyo muda kati ya kuingia na kuzimika ulirefuka bila sababu ya kifizikia, nami nilikaribia kuandika kwamba makundi huzima polepole sana.

Fasili mpya inadai mambo mawili: galaksi ivuke nusu kipenyo cha R200 cha kundi, ambamo wastani wa msongamano wa maada ni mara 200 ya msongamano mpaka wa ulimwengu (critical density), na ibaki ndani katika picha mbili mfululizo. Picha zimetengana kwa takriban miaka milioni 150, kwa hiyo usahihi wa muda hauwezi kuwa bora kuliko hapo. Zile ambazo hupita ndani na kuchomoka tena zimewekwa fungu lake.

Fasili hii imeonyesha njia mbili za kuzimika. Baadhi ya setilaiti huacha kuunda nyota mara zinapoipita sehemu ya ndani ya kundi, gesi yake ikiwa imepeperushwa na shinikizo la gesi ya moto zinamopita, mchakato ambao Gunn na Gott waliueleza mwaka 1972. Shinikizo hilo hukua kwa mraba wa mwendo, ndiyo maana makundi makubwa ni makali zaidi. Nyingine hukatiwa tu gesi mpya na kuendelea na iliyobaki, kama jiko lisiloongezwa makaa, hadi iishe baada ya miaka bilioni kadhaa.

Lililonigusa zaidi ni fungu la tatu. Sehemu kubwa ya setilaiti zilizozimika katika makundi makubwa hazikuzimwa humo: zilifika zimezimika, ama kwa shimo jeusi lake zenyewe, ama kwa kuwa ziliwahi kuwa setilaiti za kundi dogo lililomezwa pamoja nazo. Donnari na wenzake waliliona jambo hili katika TNG mwaka 2021, nami nimefurahi kulikuta kwa njia niliyoijenga mwenyewe. Maana yake kwa wanaopima anga ni nzito: mtu akiona setilaiti zilizokufa karibu na kitovu cha kundi, hawezi kulishtaki kundi hilo peke yake.

8 Agosti 2025: Hali ya sasa

Programu yote imepangwa kwa hatua, kila hatua ikiwa na jaribio lake, na mwanafunzi mmoja wa uzamili ameirudia kwenye kompyuta yenye kumbukumbu ya gigabaiti nane. Alikwama mahali pamoja. "Mwalimu, matungamo yangu yanatoka madogo kuliko yako," aliniandikia. Alikuwa amesoma safu ya tungamo la nyota lililo ndani ya mara mbili ya nusu kipenyo chenye nusu ya nyota za galaksi, mimi nikitumia ile ya nyota zote. Jina kamili la kila safu sasa limeandikwa juu ya kila grafu.

Fedha zilizotumika ni za diski, intaneti, na betri mpya ya kompyuta iliyonigharimu shilingi 4,500. Sikulipia data wala muda wa kompyuta kubwa.

Hatua inayofuata ni kurudia kipimo cha makundi makubwa kwa TNG300, ambako makundi ya aina hiyo ni mamia, nikikubali kupandisha kikomo cha chini cha tungamo la galaksi. Kama tofauti niliyoiondoa Mei ipo kweli, huko ndiko itakakojitokeza. Isipojitokeza, rasimu itaenda bila hiyo.